Vitamini za kobe na vifaranga wangu wa Kisauni

Wiki iliyopita, na jua hili la kaskazi, vifaranga 11 wa broila wamenifia hapa bandani Kisauni, na si kwamba sikuwapa vitamini, niliwapa, nilikoroga ndoo nzima Ijumaa asubuhi nikawa nachota ileile mpaka Jumapili. Ndoo yenyewe iko juani. Mamangu akaja akainusa, akaniangalia tu, hakusema kitu.

Basi usiku na hasira zangu nikaanza kusomasoma mambo ya stresi kwa wanyama wa kufugwa, nikaishia kwa kobe wa China, wale wa majini wa ganda laini, pua kama mrija. Si kasa wetu hawa, kasa wa baharini huku ukimfuga sheria inakushika. Kule hawa wanafugwa waliwe, supu, na wadogo wakirundikwa bwawani wanang'atana vibaya sana. Halafu hao jamaa urea yao, ile taka ya kwenye mkojo, nyingi inatokea mdomoni, wallahi, wanazamisha kichwa majini kama wanasukutua!

Kilichonishika ni hiki: kobe anajitengenezea vitamini C mwenyewe kwenye figo, kuku naye vilevile, ni sisi binadamu tunaongojea maembe na machungwa. Sasa ya nini kumuongezea? Kumbe mnyama akibanwa, maji yakiingia asidi au baridi ya ghafla au msongamano, mwili unaitumia kwa wingi na ile anayojitengenezea inaweza isitoshe, ndio watafiti wakawa wanawalisha kobe wachanga vitamini C na E kwa viwango tofauti kisha wanawatia kwenye maji ya asidi wapime kinga yao.

Lakini vitamini C haipatani na joto, mwanga wala hewa, na ikishakorogwa kwa maji ndio inakwenda mbio kabisa, hata wenye kutengeneza vyakula vya ufugaji wa majini hutumia ile iliyokingwa isiharibike upesi. Yaani ile Jumapili wangu walikuwa wanakunywa rangi tu. Na wamebanana, 80 kwenye banda la 50, dirisha moja.

Jana nimerudi dukani, kijana ananiambia zidisha dozi mara mbili bro. Nikamwambia weka hiyo, nipimie waya wa neti mita mbili, nafungua dirisha la pili.