Tani 40 Mlimani

Siku hiyo tulipakia saruji magari mawili, uzito ule ule: gari, tela na mzigo vilifika tani 40 kwa kila moja. Mimi nilikuwa utingo kwenye gari kongwe, injini ya nguvu farasi 400, gia 12 za mkono. Lile jingine lilikuwa jipya, nguvu farasi 520, gia zake zinajibadilisha zenyewe. Kwenye tambarare tulifuatana kilomita 80 kwa saa na usingejua lipi lina nguvu.

Kibao cha chini ya mlima kiliandikwa asilimia 6, yaani kila mita 100 barabara inapanda mita 6. Mzee, dereva wangu, alipenda kufundisha huku anaendesha.

"Kijana, asilimia 6 ya tani 40 ni ngapi?"

"Tani 2.4, mzee."

"Hizo ndizo zinazotuvuta nyuma. Ongeza kama robo tani ya ubishi wa matairi."

Gia ya 12 ya gari lile ilikuwa ikisukuma kwenye tairi kama tani moja na robo tu, haifiki hata nusu ya kilichohitajika. Ndiyo maana hakungoja injini ianze kukoroma. Mshale wa injini uliposhuka kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika akakanyaga klachi na kushusha gia mbili kwa mpigo. Klachi ikishakanyagwa tairi halipati kitu, na kwenye mwinuko kama ule gari zito hupoteza zaidi ya kilomita 2 kwa saa kila sekunde. Ukichelewa sekunde mbili, gia uliyoikusudia unaikuta tayari ni kubwa mno. Madereva wengi hushusha moja moja na kushangaa kwa nini hawaishi kushusha.

Tukatulia kwenye kilomita 36 hivi kwa saa, injini inaimba, feni inanguruma. Kioo cha pembeni kikajaa lile gari jipya. Likatupita. Nikaona vibaya, nakiri.

"Mzee, shusha nyingine tuvute!"

"Itasukuma zaidi, ndiyo, lakini tutakwenda taratibu zaidi. Farasi ni wale wale 400."

Hapo gereji bado wanabisha, eti gari la gia nyingi ndilo lenye nguvu. Gia hubadilishana mwendo kwa msukumo, basi; haiongezi chochote kwenye kile injini inachotoa. Gia nyingi zinasaidia kwa sababu moja: unapata iliyo karibu na pale injini inapofanya kazi vizuri. Gawanya 520 kwa 400 upate 1.3, zidisha kwa mwendo wetu wa 36, unapata kama 47, na kwa kukadiria kwangu ndivyo lile gari lilivyokuwa likienda. Mzigo sawa, mlima sawa.

Juu kidogo, penye kona, gari dogo lilikuwa limeharibika na kuziba njia. Tulipofika, lile jipya lilikuwa limeshasimama, nasi tukasimama nyuma yake. Hapo farasi hawakuwa na la kusema. Kung'oa tani 40 kutoka sifuri kunataka msukumo, na wote tulikuwa nao tele kwenye gia ya kwanza. Nyuma yetu lori moja lilijaribu kuondokea gia kubwa. Harufu ya klachi inayoungua ilitufikia kabla ya moshi.

Njia ilipofunguka mzee akaingiza ya kwanza, akaachia klachi taratibu, kisha breki ya mkono. Tukatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikamwangalia mkono, hauendi kwenye gia.

"Huongezi?"

"Nikiongeza hapa tutasimama kabla ya pili kuingia. Mwinuko ukilegea nitaongeza."

Lile jipya halikuwa na shida hiyo. Gia zake zilibadilika upesi mno, mwendo haukupata nafasi ya kupotea, likatokomea kwenye kona. Sisi tulipanda kwa gia ya kwanza mpaka kona ikaisha, ndipo akapiga ya tatu moja kwa moja, ikakubali.

Kileleni tuliwakuta wameegesha, dereva anagonga matairi. Walikuwa wamefika dakika kadhaa kabla yetu.