Nilivyojiandaa kupanda Galibier na Alpe d'Huez kwa baiskeli

Huu ni mwaka wangu wa tisa Grenoble, Ufaransa, lakini baiskeli niliijulia Shinyanga, kwenye Phoenix ya baba aliyokuwa akibebea maziwa kupeleka mjini. Kwetu ni tambarare. Mtu akikuta kilima anashuka, anasukuma, akifika juu anapanda tena. Kwa hiyo siku niliyojiandikisha La Marmotte, nilikuwa na miaka thelathini ya kukanyaga pedeli, na kupanda mlima sikujui hata kidogo.

La Marmotte ni safari ya siku moja ya waendesha baiskeli wa kawaida, sisi tunaofanya kazi zetu na kukanyaga wikendi, katika Alps za Ufaransa. Ilianza mwaka 1982. Unaondoka Bourg d'Oisans, unapanda Glandon (mita 1,924), unateremkia bonde la Maurienne, unapanda Télégraphe (mita 1,566) kisha Galibier (mita 2,642), unashuka mpaka pale ulipoanzia, na hapo, miguu ikiwa hoi, ndipo unapanda Alpe d'Huez. Ni kama kilomita 175, na ukijumlisha miinuko yote unapata takriban mita 5,000. Jina ni la mnyama wa milima hiyo, mnene, wa kukaa kwenye mashimo, ambaye ukimwona kwa mbali utasema ni pimbi. Akiona mtu, yeye hupiga mluzi.

Nilianza mazoezi Novemba, miezi minane kabla. Kila Jumapili niliupanda Col de Porte, mlima wa jirani: unatoka Grenoble kwenye mita 200 na kitu, unapitia kijiji cha Le Sappey, unafika mita 1,326. Nilikuwa naupanda kwa hasira. Nikiona mgongo wa mtu mbele, lazima nimpite. Nikifika Le Sappey mapaja yanawaka moto, na wale niliowapita wananipita mmoja mmoja, tena wanaongea. Ilienda hivyo wiki sita, na sikupiga hatua yoyote.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja mstaafu niliyekuwa nakutana naye njiani. Siku hiyo alinisogelea akaniambia: sema kitu. Nikajaribu, sauti haikutoka. Akasema kama huwezi kumaliza sentensi, unakwenda mwendo usio wako. Basi nikajitafutia sentensi. Ilikuwa msimu wa mvua kuanza nyumbani, nikachagua ninayomwambia baba kila nikimpigia simu: "Shikamoo baba, habari za huko, mvua zimenyesha?" Kuanzia siku ile nikawa naisema kwa sauti kila baada ya dakika chache, peke yangu msituni. Ikikatika kabla ya "zimenyesha", napunguza. Wiki za mwanzo nilipitwa na kila mtu, wakiwemo akina mama wenye vikapu vya sokoni. Kufikia Februari nilikuwa nafika juu ya Col de Porte nikiwa na nguvu ya kuendelea, na muda wangu ulikuwa umepungua bila mimi kuufukuza.

Jambo la pili lilikuwa gia, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona wengi wanatumia fedha kwenye fremu nyepesi wanasahau meno. Baiskeli yangu ilikuwa na meno 34 mbele kwenye duara dogo, na nyuma duara kubwa kuliko yote lilikuwa na meno 28. Fundi akaniondolea kaseti hiyo, yaani lile fungu la maduara ya nyuma, akaniwekea yenye duara la meno 34. Sasa mbele 34, nyuma 34: miguu ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Gurudumu langu likizunguka mara moja nasogea mita 2.1. Nikikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, nakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, mwendo ninaouweza siku nzima kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za mbele unapanda 8. Kwa ile gia ya zamani, mwendo huohuo ungenidai mizunguko 58 tu, yaani kila mzunguko mzito zaidi, na magoti ndiyo yanayolipa. Bei ya kaseti na mnyororo mpya ilikuwa ndogo kuliko vitu vyote nilivyonunua mwaka ule, na ndivyo vilivyonifikisha.

Jambo la tatu lilinifika kwa maumivu. Mwezi wa sita nilikwenda kuijaribu Galibier. Kutoka kijiji cha Valloire ni kama kilomita 18. Barabara inakwenda taratibu bondeni mpaka Plan Lachat, unavuka daraja, inapinda kulia, na hapo mlima wenyewe unaanza, kilomita nane za mwisho. Nilikuwa nimekunywa chai asubuhi na kula ndizi mbili, basi. Zikiwa zimebaki kama kilomita tano nikaanza kuona baridi kwenye jua. Mikono ikatetemeka, nikashuka, nikakaa kwenye jiwe, nikajikuta nalia bila sababu. Sukari ilikuwa imekwisha mwilini.

Hilo halichagui mtu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2013 akiwa anaongoza Tour de France, aliishiwa hivyohivyo palepale Alpe d'Huez. Mwenzake Richie Porte akamfuatia chakula kwenye gari mahali ambapo kanuni zilikuwa zimeshakataza, wote wawili wakaongezewa sekunde 20. Froome alizikubali sekunde zile akala, na Tour akaishinda.

Kwa hiyo nikajipangia gramu 60 za wanga kila saa, njaa iwepo isiwepo, kuanzia nusu saa ya kwanza. Zile jeli za sukari za dukani zilinichafua tumbo. Nikarudi kwenye vitu ninavyovijua: tende, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na vitumbua nilivyopika usiku, nikavifunga kimoja kimoja kwenye karatasi ili nivifungue kwa mkono mmoja. Kitumbua kinateleza kooni hata mdomo ukiwa mkavu. Niliweka saa ilie kila dakika ishirini, ikilia, nakula.

Miteremko niliijifunza haraka kuliko nilivyohofia: punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ndani ya kona, tazama unakotaka kutokea. Na gazeti kifuani chini ya fulana, maana jasho la kupanda ndilo baridi la kushuka.

Siku yenyewe, Glandon nilipitwa na mamia ya watu. Niliisema sentensi yangu, nikala. Télégraphe, nikala. Juu ya Galibier kulikuwa na mabaki ya theluji kando ya barabara, nikaweka gazeti nikashuka. Nilifika Bourg d'Oisans kabla ya saa ya mwisho ya kuruhusiwa kupanda, na joto bondeni lilikuwa kama la mdomo wa tanuri.

Alpe d'Huez ina kona 21, na vibao vinahesabu kwenda chini. Kibao cha kwanza kukikuta ni 21, kina jina la Fausto Coppi, mshindi wa kwanza kabisa Tour ilipofika hapo, 1952. Kilomita mbili za mwanzo ndizo kali, zinapita asilimia 10, na watu walikuwa wamelala kando ya ukuta wa mawe na miguu imekaza. Wengine niliwatambua migongo yao tangu Glandon. Mimi mbele 34, nyuma 34, sikusimama kwenye pedeli hata mara moja. Kona ya 16, kanisa la La Garde, kitumbua cha mwisho. Kona ya 7 mtu akanimwagia maji shingoni, nikamshukuru kwa Kiswahili. Kisha 3, 2, 1.

Nilivuka mstari baada ya saa kumi na moja na dakika kadhaa tangu kuondoka. Nikaketi kwenye nyasi, viatu mkononi, nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba, habari za huko, mvua zimenyesha?"

"Marahaba. Mvua ya wapi mwezi wa saba, mwanangu?"