Usilale, Saranda Haijafika

Dar hadi Dodoma nilikwenda na treni ya umeme. Hata saa nne hazikutimia: nilisinzia baada ya Morogoro, kuzinduka nasikia watu wanashusha mabegi. Kwangu safari ilianza usiku ule, nilipopanda treni ya zamani, ya reli ya mita moja, kwenda Kigoma.

Nilikata daraja la pili kulala. Kitanda cha chini alikuwa bibi mmoja wa Uvinza. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

"Basi usilale, mjukuu wangu. Saranda haijafika."

Anayeijua reli hii anaijua Saranda. Treni ilipoanza kupunguza mwendo, giza lote la nje likajaa tochi. Kuku wazima kwenye sinia, wali kwenye beseni umefunikwa kanga, na mikono inayopanda mpaka dirishani. Bibi alichagua kuku kwa kumbonyeza paja, akamrudisha, akataka wa pili. Honi ikalia bado anadai chenji. Kijana akakimbia sambamba na behewa, akamtupia noti iliyokunjwa mara nne, nayo ikaangukia kwenye wali wangu.

Wajerumani walianza kuitandika reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya misafara ya pembe na watumwa, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo wapagazi waliitembea kwa miezi. Miezi michache baada ya reli kukamilika, vita kuu ikalipuka. Mjerumani hakufaidi sana.

Katika abiria wote wa reli hii, ninayempenda zaidi ni meli. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapandishwa treni hadi Kigoma na kuungwa upya. Iliingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Waingereza pia ndio waliovuta tawi la Tabora kwenda Mwanza, lililokamilika 1928. Kisha zikaja enzi za shirika moja la reli la Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila nchi ikabaki na vipande vyake. Bibi alinieleza habari hiyo kwa namna yake: zamani ukisema "reli", ulikuwa unasema Nairobi na Kampala humo humo.

Asubuhi, Itigi imeshapita, miombo pande zote. Watoto wanapunga mkono hata pasipo na nyumba, sijui hutokea wapi. Tabora nikashuka kununua asali. Wauzaji ni wengi, na nikajifanya mjuzi: nikageuza chupa, nikatazama povu linavyopanda, nikalipa. Kufunga kizibo nikafunga kwa haraka, kichwa cha treni kinapiga honi.

Baada ya Kaliua bibi akaanza kunusa.

"Kuna mtu amebeba nyuki humu?"

Asali ilikuwa imepita kwenye shati, ikapita kwenye daftari, inadondoka kitanda cha katikati mpaka kwenye kilemba chake. Sisimizi wa behewa zima walikuwa wameshapata habari. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Yeye akapitisha kidole kwenye kilemba, akaonja.

"Hii si ya kuchanganya na sukari," akasema. "Hapo hawajakuibia."

Akashuka Uvinza na kuku nusu kwenye mfuko. Mimi nikaingia Kigoma nikinata, kurasa za daftari zimeshikana, nikaenda moja kwa moja ziwani kunawa.