Taa, meza na dakika ulizonazo: vinavyotengeneza mtindo wako wa kuchora

Tandika michoro yako ya miezi kadhaa sakafuni uitazame yote kwa pamoja, utaona tabia zinazojirudia. Pengine buluu imezidi kila mahali, vichwa vya watu vimerefuka, mistari ni mifupi mifupi, vivuli vyote ni vyeusi. Wengine huita hayo mtindo wao, wengine huyaona ni udhaifu wa mkono. Kabla ya kuamua lolote, kagua taa unayochoria, meza, karatasi na muda ulionao. Mengi ya yanayodhaniwa kuwa kipaji au ukosefu wake hutoka hapo, na mengine hurekebishika jioni moja.

Naanza na taa kwa sababu ndiyo inayodanganya zaidi. Balbu ya nyumbani yenye mwanga wa kinjano huwa karibu kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Chini ya mwanga huo, njano hafifu haitofautiani na weupe wa karatasi, na buluu hufifia ikaelekea kijivu. Anayepaka rangi usiku huongeza buluu mpaka jicho liridhike, na njano huiongeza kwa kuwa haioni. Kesho yake mchana anga limekolea kupita kiasi, na ngozi ya mtu ina umanjano ambao hakuukusudia. Tafuta balbu ya kelvini 5000, na kwenye boksi lake uangalie kipimo cha CRI, yaani uwezo wa mwanga kuonyesha rangi kama zilivyo, kisipungue 90. Usiwashe balbu ya njano na nyeupe kwa pamoja, kwani kila moja itatupa kivuli chake chenye rangi tofauti. Anayetumia mkono wa kulia aiweke taa juu kushotoni, wa kushoto afanye kinyume, ili kivuli cha mkono kisiangukie pale ncha ya penseli inapogusa karatasi.

Balbu ikishindikana, gawa kazi. Paka kila rangi uliyonayo kwenye kipande cha karatasi, upande mmoja ikiwa nzito, wa pili ikiwa imezimuliwa kwa maji. Kitazame usiku chini ya taa yako, kisha mchana karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Rangi zinazobadilika sana ndizo usizoziamulia usiku. Usiku fanya kazi ya penseli, wino au mkaa: umbo, mpangilio, mahali pa mwanga na mahali pa giza.

Meza nayo ina yake. Karatasi ikilala bapa mbele yako, sehemu ya mbali huonekana fupi kuliko ilivyo, hivyo mkono huirefusha bila kukuuliza. Ukiinua mchoro unakuta paji la uso limepanda. Dawa ni kuinua kibao kielekee macho. Kwa penseli, nyuzi 45 au zaidi ni sawa. Kwa rangi ya maji mwinuko huo ni mkali mno, rangi itachuruzika. Nyuzi 15 zinatosha. Kibao chenye urefu wa sentimita 30 hufika hapo ukiweka kitu cha kimo cha sentimita 8 chini ya ukingo wa mbali. Kisha kila baada ya dakika 10 simamisha mchoro na uutazame ukiwa mita 2 nyuma.

Kukaa huku kiganja kimeegemea meza huzaa mistari isiyozidi mzunguko wa kiganja, na mikunjo yote hufanana. Anayetaka mstari mrefu asimame, ashike penseli mbali na ncha, achore kwa bega kwenye karatasi ya A2. Mazoezi ya vidole hayawezi kuleta kile ambacho bega ndilo linalokileta.

Kuhusu muda, ni heri uchague vifaa kwa kufuata dakika ulizonazo kuliko kulazimisha vifaa unavyovipenda. Rangi ya mafuta hukaa siku kadhaa kabla ya kushikika. Akriliki hukauka kwa dakika chache: brashi iliyosahaulika nje ya maji imekwisha, na rangi yenyewe ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo linganisha na kipande kilichokauka. Kwa anayeitwa kila mara, hatari kubwa iko kwenye rangi ya maji. Ukiacha tabaka katikati, ukingo hukauka na kuacha mstari. Ukirudi likiwa na unyevu nusu, ukaongeza rangi yenye maji mengi, maji mapya huisukuma rangi ya awali pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi ambalo halifutiki vizuri. Kama huna uhakika wa dakika 10 za utulivu, usianze eneo pana kuliko kiganja. Chumba kikiwa na joto, lowesha karatasi pande zote mbili na uchanganye rangi mara mbili ya unayodhani inatosha.

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba hujikunja na kutoa nyuzinyuzi ikiguswa na maji mara ya pili, hivyo anayeizoea hujifunza kupaka kwa woga, rangi kavu kavu. Ya gramu 300 huvumilia, lakini bei yake huleta woga wa aina nyingine. Chukua karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76, ikate vipande 8 vya 28 kwa 19. Kimoja kiwe cha majaribio tu, kwa kuwa jaribio la rangi kwenye karatasi nyingine halikwambii kitu.

Simu ndiyo kifaa kinachosahaulika. Lenzi yake kuu ni pana. Ukipiga picha ya uso kwa karibu, pua hukua na masikio hurudi nyuma, nawe utachora hivyo hivyo. Rudi mita 2, kisha vuta picha ije karibu (zoom). Kamera pia huzima vivuli vikawa vyeusi, kwa hiyo andika rangi unazoziona kivulini kabla hujaondoka mahali hapo. Unapochora kutoka kwenye skrini, punguza mwanga wake mpaka nyeupe ya skrini ilingane na weupe wa karatasi iliyo kando yake. Bila hivyo utafukuzana na mng'ao ambao rangi ya kupaka haiwezi kuufikia, na utaishia kutumia rangi mbichi za kwenye tyubu picha nzima.

Si kila kikwazo kinastahili kuondolewa. Mchoraji wa Italia Giorgio Morandi alichora chupa na vyombo vilevile kwa miaka mingi katika chumba alichokuwa akilala, Bologna. Mchoraji wa Ufaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 uliomdhoofisha, aligeukia kukata kwa mkasi karatasi zilizopakwa rangi. Mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za baiskeli kwenye mbao za hadibodi. Rangi hizo hazichanganyiki kwa ulaini zikishawekwa, na ubapa wa rangi zake pamoja na mistari iliyo wazi vinaendana kabisa na kifaa hicho. Kwa maoni yangu, taa na mwinuko wa kibao virekebishwe mara moja maana vinapotosha unachokiona. Uchache wa muda na udogo wa meza, jaribu kwanza kuchora navyo, ndipo uvihukumu.

Nyuma ya kila mchoro andika kwa penseli saa, taa, karatasi, dakika, na kama ulikaa au ulisimama. Ikifika michoro 10, ipange kwa kufuata maandishi hayo, kisha badilisha jambo moja tu kwa michoro mitatu inayofuata. Ukibadilisha mawili hutajua lipi limefanya kazi. Kipande cha majaribio ya rangi kirudie kila ukinunua chapa nyingine, maana jina moja kwenye tyubu mbili laweza kuficha rangi asili mbili tofauti, yaani unga wenyewe unaoipa rangi ya tyubu rangi yake. Soma alama ndogo ya rangi asili, mfano PB29 kwa buluu ya ultramarini. Kijivu mbili zinazofanana usiku, zikiwa zimetoka kwenye rangi asili tofauti, zinaweza kuachana kabisa mchana.