Karatasi ya sigara

Kiki ya pikipiki ilirudi kwa nguvu ikanipiga ugokoni, nikakaa chini palepale uani kwetu Chang'ombe, Dodoma, nimeushika mguu kwa mikono miwili. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao upepo wa huku unaleta vumbi mpaka kwenye maji ya kunywa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile.

Pikipiki ni BSA Bantam ya babu. Alikuwa mwinjilisti upande wa Mvumi na aliitumia kuzungukia vijiji miaka mingi, kisha ikalala kwenye ghala la uwele tangu kabla sijazaliwa. Bantam zilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948 kwa mchoro wa DKW RT 125 ya Wajerumani, uliochukuliwa kama fidia ya vita, zikakoma mwaka 1971. Hii niliifufua kwa miezi minane. Rimu, breki, waya, vyote tayari. Ilibaki taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche.

Ndani ya magneto kuna platini, vijino viwili vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana ndipo plagi inatoa cheche, na cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa unahitaji muda kuungua. Ikiwahi mno, moto unairudisha pistoni ilikotoka na kiki inakula mguu wako. Ikichelewa, injini inakuwa nzito na ekzosi inachemka. Mimi nilikuwa na karatasi ya vipimo niliyopewa na rafiki: cheche iruke pistoni ikiwa inchi 5/32, kama milimita 4, kabla ya kilele. Niliifuata bila kupunguza hata unywele.

Baba mdogo aliponiona nachechemea akaenda kumwita jirani, mzee aliyestaafu karakana ya reli. Alikuja na venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, imefungwa kwenye kitambaa. Akamwamkia babu kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi," ndipo akanigeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mguu umevimba?" Akaubonyeza, akaridhika. "Haya, fungua hedi, kifuniko cha silinda."

Nilidhani ataanza na platini. Nikafungua nati nne, hedi ikatoka. Akafuta mdomo wa silinda kwa kipande cha kanga, akaweka venia kukata tundu katikati, akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Milimita sitini na moja na nusu. Nani kakwambia injini hii ni ya cc mia na ishirini na tano?"

"Nyumbani wote wanasema hivyo, mzee."

"Ya mia na ishirini na tano tundu lake ni hamsini na mbili."

Akachukua bisibisi, akakwangua grisi iliyoganda kwenye injini, chini ya silinda. Miezi minane nilipaosha pale bila kupafikia. Ikatokea D, kisha 7. Ilikuwa Bantam D7, ile ya cc 175, si ya 125 iliyoandikiwa karatasi yangu, na cheche yake inatakiwa inchi 1/16 tu, milimita 1.6. Nilikuwa naiwahisha zaidi ya mara mbili.

Tukaanza upya. Kwanza nafasi kati ya vijino vya platini, kwa fila ya 12, bamba jembamba la kupimia la inchi 0.012. Lazima itangulie, alisema, kwa sababu ukiipanua nafasi baadaye cheche inawahi tena na kazi yote imepotea. Kisha akanipandishia pistoni mpaka juu, akairudisha nyuma kupita kipimo, akaileta mbele polepole ili ulegevu wote uishe, akasimama kwenye 1.6. Mtoto akatumwa dukani kununua sigara moja. Mzee akaimwaga tumbaku kiganjani, akaichana karatasi, akaipenyeza kati ya vijino.

"Shika. Vuta kidogo, usilazimishe."

Karatasi ilikuwa imebanwa. Yeye akawa anasogeza bamba la platini kwa ncha ya bisibisi, kiasi ambacho jicho halikioni, mimi nikivuta kwa vidole viwili. Ikakaza, ikakaza, halafu ikateleza yenyewe, laini, kama uzi unaotoka kwenye nguo. "Hapo," nikasema. Akakaza skrubu, akanirudisha mwanzo. Tulirudia mara sita. Mara ya nne nilifumba macho, na vidole vikajua kabla yangu. Nimetumia vifaa vya gharama tangu siku ile, lakini sijawahi kuiamini taimingi yoyote kama ile.

Hedi ikarudi. Nilisita kupanda, ugoko bado unawaka, na mzee akaniacha nisite. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikashika. Moshi wa bluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika, ule mlio mkavu wa tu-stroku, injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ukagonga ukuta na kurudi.

Babu akainuka chini ya mwarobaini na fimbo yake. Akaja hadi kwenye tangi, akaweka kiganja juu, akakiacha hapo kwa muda.

"Oili umechanganya?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Nimechanganya, babu."

"Basi usiizime."