Starlet yangu, mawe ya volkano na kifuniko cha dola nane

Kama kuna mtu atakuambia tena "toa thermostati, gari halitachemka", mlete kwangu Majengo, hapa Goma, nimwoneshe sufuria ya mke wangu ilivyoharibika. Thermostati ni kile kimlango kinachozuia maji ya moteri yasiende kwenye radiatere (rejeta) mpaka yapate joto. Mimi nimeambiwa niitoe na mafundi wanne, dereva wa teksi mmoja, shemeji yangu, na hata kijana anayeniuzia makala, yaani makaa. Shemeji na muuza makala hawajawahi kumiliki hata piki.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya 1993, milango mitatu, ile EP82 yenye moteri ya 4E-FE, lita 1.3. Volani iko kulia kama lilivyotoka Japani, nasi tunaendesha kulia, kwa hiyo ukitaka kupita lori lazima pembeni yako awepo mtu wa kuchungulia njia. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Himbi aliyekuwa anahama, dola elfu moja na kitu, likiwa limelala chini ya migomba karibu miaka miwili. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha nyuma. Batri, esansi (petroli) safi, buji (plagi) nne, likawaka. Hapo sina cha kueleza.

Kazi ya kwanza niliyotaka kuifanya kwa mkono wangu ilikuwa fre (breki) za mbele. Stendi za chuma sikuwa nazo, nilikuwa na kriki (jeki) tu, ile ya kukunja iliyokuja ndani ya gari. Ila parseli yangu, kiwanja changu, iko juu ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo iliimwaga 2002. Kwangu uzio ni mawe, msingi ni mawe, choo ni mawe. Jirani akaniambia, "Papa, mawe haya yamebeba mji mzima, yatashindwa na kagari kako?" Nikaona ana akili. Nikachagua mawe matatu makubwa yenye uso bapa, nikayapanga kama mtu anayejenga, nikashusha kriki polepole. Gari likakaa. Nikarudi nyuma hatua mbili nikajipongeza, hata picha nilipiga.

Sasa, jiwe la volkano umewahi kulitazama kwa karibu? Limejaa matundu kama mkate, kwa sababu lava ilipokuwa inapoa ilikuwa bado na gesi ndani. Ukutani halina shida maana uzito umegawanyika. Chini ya gari, uzito wote unakaa kwenye ukingo wa chuma mwembamba kama kidole. Nilikuwa nimeshatoa gurudumu, nimeshika kle (spana) ya kumi na nne, nikasikia "krr", kama mtu anayetafuna muhindi wa kuchoma. Nikadhani ni panya waliobaki. Ikaja "krr" ya pili, jiwe la katikati likafunguka vipande viwili, na Starlet ikapiga magoti mbele yangu.

Kilichoniokoa ni tabia niliyoichukua kwa madereva wa malori ya njia ya Butembo nilipokuwa mtoto: gurudumu ulilolitoa usiliegemeze ukutani, lilaze chini ya gari. Nilikuwa nimelilaza. Gari likaangukia tairi, rimu ikakwaruzika, kisahani cha bati nyuma ya diski kikapinda, basi. Miguu yangu yote miwili ilikuwa nje. Jirani alipokuja kuona akasema jiwe nililochagua lilikuwa la 2021. Si kweli, la 2021 halikufika kwetu, lakini nilimwacha na maneno yake. Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa mchomeleaji akaniunganishia stendi mbili za bomba nene, na mpaka leo majirani watano wanaziazima zaidi ya mimi ninavyozitumia.

Fre zilipokwisha nikaanza kutembea mjini, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Jumatatu asubuhi, Rond-point Chukudu, foleni imeshikana, sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inanitazama, motari (madereva wa pikipiki) wamenizunguka kama nyuki, na mshale wa joto unapanda. Kabla sijapata pa kuegesha, moshi mweupe ukatoka chini ya kapo (boneti). Motari mmoja akaniuliza kama ninapika chai. Nikasukumwa pembeni na watu sita, wawili wakadai faranga, wengine wakabaki kutoa ushauri, ambao ulinigharimu zaidi ya faranga.

Fundi wa kwanza hakufikiri hata dakika. Alifungua, akatoa thermostati, akaitupa kwenye kopo la vyuma vikuukuu, akasema hii ni kitu ya Wazungu, kwa nchi ya joto haifai. Nchi gani ya joto? Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku tunalala na blanketi! Kilichofuata: asubuhi moteri inachukua nusu saa kupata joto, esansi inakwisha kama ina tundu, kwa sababu kompyuta ya gari inadhani moteri bado baridi na inazidi kumwaga. Na kwenye foleni? Likachemka vilevile, ila limechelewa kama dakika kumi. Nilirudi kuokota thermostati yangu kwenye kopo lake, nikamkuta ameshaiuza.

Nikanunua nyingine ya okazioni, iliyokwisha tumika, imeandikwa 82 pembeni, maana yake inafunguka maji yakifika digrii 82. Lakini ya okazioni huiamini bila kuipima. Kipimajoto cha duka la dawa kinaishia 42, hakinisaidii. Nikachukua sufuria, nikaijaza maji, nikaitundika thermostati kwa waya isiguse chini, nikaweka juu ya babula, jiko la makala. Hapa ndipo akili ya jikoni inapoingia. Mama mkwe wangu alikulia Kisangani, na kila akija kututembelea analalamika kwamba maharage ya Goma hayaivi. Hayaivi kwa sababu huku juu maji yanachemka mapema, karibu digrii 95, siyo 100. Kwa hiyo sikuhitaji kipimajoto: thermostati ya 82 lazima ifunguke kabla maji hayajaanza kuruka. Ikiwa yanaruka nayo bado imefumba mdomo, tupa. Yangu ilifunguka taratibu kama ua, maji yakiwa ndiyo kwanza yanatoa vipovu vidogo chini. Nikaita familia nzima waje kuona. Mke wangu alikuja, akaangalia mafuta meusi yanayoelea, akasema, "Baba watoto, hiyo sufuria ni ya maharage." Nimemlipa mpya. Kubwa zaidi.

Nikaifunga. Likachemka tena.

Fundi wa pili akaniambia ni jwa ya kulasi, ile wenzetu wa Tanzania wanaiita gasketi ya silinda hedi. Dola mia mbili na hamsini hivi, na za tuneri wa kusawazisha kulasi mbali. Nikamuuliza umejuaje. Akasema, "Muzee, mimi nimezaliwa ndani ya garaji." Hilo si jibu. Mafuta ya moteri hayakuwa na rangi ya maziwa, moshi wa nyuma haukuwa mweupe, maji hayakuwa na harufu ya mafuta. Nikampigia binamu yangu anayetengeneza magari Butembo, akacheka, akaniambia nenda duka la dawa ukanunue gan (glavu) ya mpira ya daktari.

Nilifanya hivi, na ninaisimulia kwa sababu iligharimu faranga zisizofika bei ya soda. Moteri ikiwa baridi kabisa, na nasema baridi kabisa maana ukifungua radiatere ya moto utaungua uso, nilitoa kifuniko cha radiatere, nikavalisha ile gan mdomoni na kuifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikawasha. Kama jwa imekufa, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na gan inasimama mara moja na kudundadunda kama inapungia watu mkono. Watoto wote wa avenyu walikuwa wamejipanga kungoja mkono usimame. Dakika moja, mbili, tatu. Gan imelala kama mtu aliyekunywa kasiksi. Maji yalipoanza kupata joto na kuvimba kidogo, kidole gumba tu ndicho kikainuka, polepole, kama kunipongeza. Jwa nzima! Nikamrudia yule fundi na habari, akasema gan niliyonunua ilikuwa feki.

Basi nikakaa chini na kuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: kwa nini linachemka likiwa limesimama tu, na likikimbia njia ya Sake halichemki? Likikimbia linapata upepo. Likisimama linategemea vantilatere, feni ya radiatere. Na mimi, nikifikiri vizuri, sikuwahi kuisikia vantilatere ya gari hili ikizunguka hata siku moja.

Nilifuata waya kwa kidole mpaka kwenye swichi ya joto, ile iliyochomekwa kwenye njia ya maji. Waya zake mbili zilikuwa zimekatwa, zimesokotwa pamoja na kuviringwa utepe mweusi, kazi safi kabisa. Fundi wa zamani wa yule mzee alitaka vantilatere izunguke muda wote, na kwa magari mengi ya Ulaya angepatia. Lakini Toyota za miaka ile ziko kinyume: swichi ikiwa imefunga, vantilatere inalala, maji yakizidi joto swichi inaachia, ndipo inaamka. Toyota walifikiri waya ukikatika njiani, afadhali vantilatere izunguke bure kuliko moteri iungue. Kwa hiyo kuziunganisha waya zile ni kuiua vantilatere milele. Nikakata utepe, nikazitenganisha, nikageuza ufunguo bila hata kuwasha moteri. Vuuuu! Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Nikanunua swichi ya okazioni, dola kumi au kumi na mbili.

Mnadhani iliishia hapo. Foleni ya kawaida ikapita salama, lakini kupanda kuelekea Kibati na watu wanne ndani, maji yakaanza kutapika tena kwenye kikopo cha akiba. Safari hii nilikuwa nimeshajifunza kuanza na kitu cha bei ndogo. Nikakitazama kifuniko cha radiatere: mpira wake umepasuka kama kisigino, springi yake naibonyeza kwa kidole kimoja. Maharage tena! Kile kifuniko ndicho kinachogeuza radiatere kuwa sufuria ya presha. Kizima, kilichoandikwa 0.9, kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Kikifa, Goma unabaki na zile 95 zako, na vantilatere yenyewe inaamka karibu na 93. Umebaki na digrii mbili za kuchezea. Mtu wa Matadi, kule chini karibu na bahari, anaweza kuishi na kifuniko kibovu akakaribia 100. Sisi hapana. Dola nane, Birere, na muuzaji alianza na kumi na tano.

Radiatere yenyewe niliiosha pia. Mzee alikuwa anaweka maji ya ziwa, na maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi, nilitoa uji mweupe kama chokaa ndoo nzima. Weka likidi ya radiatere, au walau maji ya mvua.

Baada ya ushindi huo nikapata kiburi, nikataka kuliinua gari, maana kwa avenyu zetu Starlet inakokota tumbo. Tairi zilizokuja nalo zilikuwa 155/70 za rimu 13, nikaweka 165/80. Hizo peke yake zinakupa sentimeta mbili na kidogo, ila ukikata kona mpaka mwisho zinalamba plastiki ya ndani, nilikata kipande. Na kipima mwendo sasa kinadanganya, kikisema 60 wewe uko 65. Za springi, au resori kama tunavyosema hapa, dukani walitaka dola arobaini kwa vipande vya aluminiamu vya kuziinua. Nikaenda kwa mafundi wa chukudu. Wale watu wanakata mpira wa tairi za malori kila siku kwa ajili ya magurudumu yao, na chukudu inabeba kilo mia kadhaa za viazi juu ya mpira huohuo. Nikampa fundi kipimo cha mduara, akanikatia pete nne za unene wa sentimeta mbili kwa panga na nyundo, zinalingana kuliko za dukani. Akaniuliza ni za chukudu gani yenye magurudumu manne. Springi usizifungue bila vibanio vyake, nilikodi, sitanii hapo. Na baadaye peleka gari kwenye paralelismu, kunyoosha magurudumu, mimi nilichelewa na tairi moja ikaliwa upande wa ndani.

Juzi Jumapili, shemeji yangu, yuleyule, aliegesha Vitz yake mbele ya lango langu, kapo juu, mvuke umejaa avenyu. Nikamuuliza thermostati iko wapi. Akasema aliitoa mwaka jana. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu alikuwa ameshatoka jikoni na ile sufuria ya zamani mkononi, akamkabidhi, akarudi ndani kuleta makala.