Gari la Babu Lenye Jina la Safari

Katika kabati la vyombo nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, nyuma ya birika la kahawa lisilotumika tena, kuna gari dogo la chuma ambalo marehemu babu hakumruhusu mjukuu yeyote alitoe nje kwenda kulichezea uani. Ni Land Rover ya buluu, yenye mizigo ya rangi ya kahawia juu ya paa, na ukiligeuza utasoma chini yake jina la kampuni ya Lesney pamoja na maneno yanayoeleza kuwa limetengenezwa Uingereza. Katika orodha ya kampuni hiyo gari hili lilitokea mwaka 1965 likiwa namba 12, na jina lake lilikuwa Safari Land Rover. Kwa hiyo neno letu lilitoka pwani, likafika London, kisha likarudi Tanga likiwa limepakia na mizigo.

Lesney si jina la ukoo wa mtu. Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ingawa waliitwa Smith wote wawili, walisoma pamoja utotoni, wakatumikia jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwezi Januari mwaka 1947 wakaanzisha kampuni iliyochukua mwanzo wa jina la mmoja na mwisho wa jina la mwingine. Mtaji wao ulikuwa pauni 600, na karakana yao ya kwanza ilikuwa baa iliyokwisha kufungwa, iliyoitwa The Rifleman, kaskazini mwa London. Walijiunga na Jack Odell, fundi hodari wa kusubu, yaani kutengeneza vitu kwa madini yaliyoyeyushwa, na kwa maoni yangu huyu ndiye aliyekuwa roho ya kazi yote, kwa sababu wenzake walijua kuuza naye alijua kuchonga kalibu, yaani umbo la kujazia madini hayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kusubu vipuri vya viwandani kwa aloi ya zinki. Madini haya huyeyuka kwenye joto lisilofika nyuzi 420 za Selsiasi, chini sana ya shaba au chuma, kwa hiyo yanaweza kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, yakaganda kwa muda mfupi sana, na kalibu ileile ikatumika tena na tena bila kuharibika. Vichezeo vilizaliwa kutokana na kodi. Wateja wa vipuri walipunguza oda kila mwisho wa mwaka ili wasihesabiwe kodi ya bidhaa zilizomo ghalani, mashine zikakaa bure, na Lesney wakaona ni afadhali wasubu magari ya watoto kwa ajili ya Krismasi kuliko kukaa wakiangaliana. Kichezeo chao cha kwanza, mwaka 1948, kilikuwa gari la kushindilia barabara. Rodney Smith hakuamini kuwa biashara hiyo ingefika mbali, akauza sehemu yake na kuondoka mwaka 1951.

Aliondoka mapema mno. Kalibu ya gari la kifalme la farasi ilikuwa imekwisha kuchongwa ikiwa na Mfalme George wa Sita na malkia wake wameketi ndani, lakini mfalme akafariki mwezi Februari 1952. Odell hakuitupa kalibu ile. Alimkata mfalme kiunoni, akamwacha malkia peke yake, na miguu ya marehemu ikabaki palepale kwenye kiti kwa yeyote atakayechungulia. Gari hilo lilipotengenezwa upya kwa umbo dogo kwa ajili ya kutawazwa kwa binti yake mfalme, Elizabeth, mwaka 1953, liliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, na fedha hizo ndizo zilizolisha wazo lililofuata.

Wazo hilo lilitoka shuleni kwa binti yake Odell, ambako mtoto hakuruhusiwa kuingia na kichezeo kisichoenea ndani ya kiberiti. Baba akachonga gari la kushindilia barabara la shaba ya manjano, dogo kiasi hicho, akalitia ndani ya kiberiti na kumpa mwanawe. Wanafunzi wenzake walipoliona kila mmoja alitaka lake. Mwaka huohuo wa 1953 Lesney wakaanza kuuza mfululizo wa Matchbox, yaani kiberiti, katika vikasha vilivyochorwa kama viberiti vya kweli, na mfululizo huo ukaja kusimama kwenye magari 75. Katika miaka ya 1960 viwanda vyao vya Hackney, mashariki mwa London, vilikuwa vikitoa magari zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, na kampuni ilikuwa na mabasi yake ya kuwachukua wafanyakazi, wengi wao wanawake, kutoka mitaani kwao.

Lakini mimi ni mtoto wa Tanga, na gari nalipima kwa magurudumu. Tulipounda magari ya waya, bodi ilikuwa kazi ya nusu siku, ila kukata matairi ya kandambili yakawa duara kamili kulimaliza siku nzima, na gari lililokwenda upande tulisema limelewa. Magari ya Lesney yalianza na magurudumu ya chuma, yakapata ya plastiki ya kijivu, halafu nyeusi, na muda wote huo ekseli zake, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, zilikuwa nene. Yalitazamika vizuri kuliko yalivyokimbia. Mwaka 1968 Mattel wa Marekani walitoa Hot Wheels, magari yenye ekseli nyembamba kama waya ambayo yakisukumwa kidogo tu yanateleza hadi ukutani, na mauzo ya Lesney katika soko la Marekani yakaporomoka. Waingereza walijibu mwaka 1969 kwa magurudumu waliyoyaita Superfast, ikabidi wabadilishe karibu orodha nzima, gari kwa gari, kwa gharama kubwa. Hata hii Safari yetu ilitolewa upya kwa magurudumu hayo, rangi ya dhahabu.

Walipona, ila si kabisa. Mdororo wa uchumi wa Uingereza uliwakuta wakiwa na madeni, na mwezi Juni 1982 kampuni ikaingia mikononi mwa wafilisi. Jina la Matchbox lilinunuliwa na Universal ya Hong Kong, kazi ikahamia Macau, likauzwa kwa Tyco mwaka 1992, na mwaka 1997 likaangukia kwa Mattel, walewale wa ekseli nyembamba. Odell alikwisha kuanzisha kampuni nyingine, akaiita Lledo, ambayo ni jina lake lililosomwa kinyumenyume.

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja na Matchbox yake mpya, ambayo chini yake imeandikwa Thailand. Niliteremsha gari la babu, tukayashindanisha sakafuni. La kwake lilifika mlangoni. La babu lilisimama kwenye ukingo wa mkeka.

"Mjomba, hili limechoka," alisema, bila kejeli.

Nikamwambia tujaribu jambo jingine, nikachukua kiberiti jikoni na kumwaga njiti. Gari halikuingia. Miaka ilivyokwenda Lesney waliyakuza magari yao, na kufikia 1965 hili letu lilikuwa limekwisha kuipita kanuni ya ile shule. Mpwa wangu alilisukuma kwa nguvu hadi kasha likapasuka ubavuni na mizigo ya paa ikabaki nje, na hapo bibi akaita kutoka jikoni akitaka kujua nani amechukua kiberiti chake.